Bido Tisa Chini ya Kitanda

Ninyi wenzangu mnaobaki na funguo za maji mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali, ila msitafute humu habari za cheo wala za mshahara. Cheo changu cha kwanza na cha mwisho ni fontenye, mtu wa kulinda maji ya bomba yanayotoka kwenye robine, na habari ya mshahara mnaijua wenyewe, ni fupi. Nitawaambia habari za mwanzi, za tiyo zinazopitisha maji, na za mwaka ule wa ukame ambapo mimi, Papa Etabo, nilikaribia kuukausha mji wa Baraka kwa kipande cha chaki.

Nilianza nikiwa kijana wa Fizi-Centre, kule juu. Siku ya kwanza nilishuka Baraka nimevaa viatu vya harusi vya kaka yangu, maana nilidhani kazi ya maji ni kazi ya biro, ya kukaa mezani. Mzee Asukulu, fontenye wa wakati huo, alinitazama miguu, akanipa jembe nimfuate kwenye chemchemi. Tulipanda saa mbili nzima. Viatu vilifika, lakini kurudi havikurudi, na mpaka leo kaka yangu ananikumbusha kila Noeli.

Huyo Mzee Asukulu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mkavu, na maneno aliyatoa kama mtu anayetoa chumvi ya mwisho nyumbani. Alinifundisha kufungua vali polepole, kwa sababu maji yakikimbizwa yanapasua tiyo. Alinifundisha kusikiliza: unasimamisha chuma juu ya tiyo, unaweka sikio kwenye ncha ya juu, na kama kuna mahali panapovuja unasikia sauti kama ya mtu anayekunywa chai ya moto. Wapita njia wanakudhani umerogwa. Zoea.

Kwa wale wasiojua mtandao wetu: chemchemi iko mlimani, maji yanateremka kwa tiyo mpaka kwenye tangi la saruji juu ya mji, halafu kutoka pale yanakwenda kwenye robine za mitaa. Wageni huwa wanauliza, ninyi mko kando ya ziwa kubwa hivi, mnahangaikia maji gani? Mgeni wa namna hiyo hajawahi kuugua kipindupindu. Ziwa letu ni zuri kwa kuvua ndagala, dagaa wetu, na kwa kufua. Lakini kila mara robine zinapokauka, watu wanarudi ziwani na bido zao, yale madumu ya njano, na kabla ya juma kuisha vitanda vya wagonjwa vinajaa. Kwa hiyo kazi yenu si kupeleka maji tu. Kazi yenu ni kuzuia ile safari ya ziwani.

Sasa mwanzi. Ndani ya tangi tulipima maji kwa mwanzi mrefu wenye mafundo saba. Unafungua kifuniko, unauteremsha mpaka uguse chini, unautoa, unatazama fundo gani limelowa. Saba, tangi limejaa. Fundo la tatu ndilo la kuogopa. Maternite yetu, nyumba ya kuzalia, imejengwa mahali palipoinuka, na maji yakishuka chini ya fundo la tatu hayana tena nguvu ya kupanda mpaka kule. Robine za mitaa zitaendelea kutoa, ila mama anayezaa atakosa maji. Mzee Asukulu alinionyesha fundo lile siku yangu ya pili, akaligonga kwa kidole mara tatu.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulipenda. Akasema kiasi cha maji kisemwe kwa mkubwa wa kazi tu. Mtu mwingine akiuliza, hata padri, hata shehe, jibu ni moja: maji yapo. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia nichukue jembe.

Miaka mingi nilifuata hivyo, na kesi za kazi zilikuwa nyingine tu. Kulikuwa na ile ya chura aliyeziba tiyo ya soko siku ya sikukuu. Kulikuwa na ile ya katekista mmoja ambaye mboga zake za lengalenga zilikuwa mbichi katikati ya kiangazi wakati za majirani zimekuwa majivu. Alisema ni baraka. Nikasimamisha chuma changu katikati ya bustani yake, nikasikia baraka inavuja futi mbili chini ya udongo. Nilitengeneza tiyo, naye akanipa fungu la mboga, tukabaki marafiki. Mzee Asukulu alipostaafu akarudi Fizi-Centre kulima mihogo. Aliniachia mwanzi, akaniachia na ile amri yake bila kunipa sababu.

Halafu nikaenda semina. Ilikuwa Uvira, siku tatu, na chakula kilikuwa kizuri. Pale walitufundisha kwamba mwananchi ana haki ya kujua, na mimi nilikubali kwa moyo wote, na hata leo nakubali. Nilirudi nikiwaza kwamba Mzee Asukulu alikuwa mtu wa zamani, mtu wa kuficha. Nikanunua ubao mweusi, nikautundika karibu na robine ya soko, na kila asubuhi nikaandika kwa chaki: Leo maji yako fundo la sita. Watu walinisifu. Nilivimba kichwa kidogo, siwezi kukana.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Wafugaji walioteremka kutoka Bibokoboko walileta ng'ombe ambao ungeweza kuhesabu mbavu zao, wakasema majani ya juu yamekuwa ya kufagilia. Mwezi wa tisa ukapita bila tone, wa kumi ukaingia na jua lilelile. Ubao wangu ukaandika tano. Baada ya majuma mawili, nne. Hapo nikaongeza maneno kwa herufi kubwa, nikiwa najiona mtu wa haki kabisa: MAJI INASHUKA. TUTUMIE KIDOGO.

Kabla ya hapo tangi lilikuwa linachukua majuma mawili kushuka fundo moja. Baada ya maneno yale lilishuka fundo zima kwa siku tatu. Mwanzi ukatoka umelowa mpaka kwenye la tatu, palepale, si juu wala chini.

Mimi nikasema, tiyo imepasuka. Nilitembea mstari wote, kutoka chemchemi mpaka mjini, siku mbili, naweka chuma, nasikiliza, naondoa chuma, nasogea. Kimya. Nikapanda tena kupima chemchemi yenyewe kwa ndoo. Siku za kawaida ndoo ilijaa nikihesabu mpaka kumi na mbili, sasa ilijaa kwa kumi na sita. Imepungua, ndiyo, lakini si kwa kiasi cha kumeza tangi. Nilikaa pale kwenye jiwe na hofu ikanishika kweli, kwa sababu sikuelewa, na fontenye asiyeelewa maji yake ni mtu wa kuhurumiwa.

Na kulikuwa na jambo langu mwenyewe. Binti yetu wa kwanza, Neema, alikuwa amerudi kwetu na mimba ya mwezi wa mwisho. Atazaa siku yoyote, katika maternite ileile. Mama Nyasa, mkunga mkuu wa pale, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, alikuja mwenyewe kunitafuta kwenye tangi. Hakugomba. Aliniambia hivi:

"Papa Etabo, leo asubuhi robine yangu imelia tu, haikutoa kitu. Niko na bamama tano mu vitanda. Nikikosa maji mpaka keshokutwa, ndugu zao watateka mu ziwa, na unajua mwisho wake. Sina lingine la kusema."

Nikashuka nyumbani saa ya chakula kichwa kikiwa kizito. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ametandika bukari na sombe. Nilikaa kitandani kuvua buti, na ufunguo mkubwa wa vali ukaniponyoka, ukabingirika chini ya kitanda. Hapa niseme kwamba kwa siku kadhaa kitanda kile kilikuwa kinanisumbua. Miguu haikufika chini vizuri. Nilidhani magoti yameanza kuzeeka, na kwa aibu sikumwambia mtu.

Nikainama. Kitanda kilikuwa kimepandishwa juu ya matofali. Na chini yake, zimelazwa kwa mistari, vifuniko vimekazwa kwa vipande vya nailoni, kulikuwa na bido tisa za njano, zote zimejaa pomoni. Siku zote hizo nilikuwa nalala juu ya tangi la pili la Baraka.

Nikamwita. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyetembea milima siku mbili. Nilimuuliza, wewe, mke wa fontenye, unafanya hivi? Alisimama mlangoni na mwiko mkononi, wala hakuona haya.

"We njo uliandika maji inashuka," akasema. "Miye naamini bwana yangu. Nilisoma, nikaamini. Mutoto wangu anazaa mwezi huu, nimuogeshe na nini, na chaki yako?"

Nilikaa tena kitandani. Miguu ikaning'inia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ni yeye peke yake aliyejaza hivi. Akacheka mpaka mwiko ukaanguka. Akasema nitoke naye, nione.

Alinipeleka nyumba kwa nyumba, na mimi mwenye ubao nikajifunza mji wangu upya. Jirani yetu wa kushoto alikuwa amejaza mapipa mawili na beseni za kufulia. Wa kulia alikuwa amejaza vyungu vya bibi yake ambavyo havijatumika tangu bibi aage dunia. Kwa mwenye mtumbwi mmoja, mtu mkubwa kabisa, mwenye mashini na wafanyakazi, tulikuta mtumbwi wake umevutwa uani kutengenezwa, na umejaa maji ya robine mpaka ukingoni, kuku wanakunywa kwa zamu. Alijitetea kwamba mbao zikikauka zinaachana. Nikamwambia ziwa liko hatua mia mbili. Akasema ya ziwa si safi. Kwa mtumbwi, jamani.

Kila mmoja alikuwa na sababu, na hakuna sababu iliyokuwa ya kijinga. Huyu ana mgonjwa, yule ana kilio Jumamosi, yule ana watoto saba. Na wote, wote kabisa, waliniambia maneno yaleyale kwa heshima: tulisoma ubao wako, Papa. Nilikuwa nimetangaza njaa, watu wakakimbilia ghalani, ghala likaisha. Jua la mwaka ule lilituibia kidogo. Mimi na chaki yangu tuliiba zaidi.

Nikafikiri kufuta ubao. Mama Neema akasema ukifuta sasa wataona umeficha, watajaza mpaka sufuria. Nikafikiri kufunga robine za mitaa ili maternite ipate. Akasema hapo ndipo watakwenda ziwani mchana kweupe. Nikamuuliza basi tufanye nini. Tulikuwa tumesimama karibu na robine ya soko, mbele ya mstari wa bido.

Ninyi mnaujua mstari ule, lakini anayesoma mbali hajui. Kwetu mtu hasimami kwenye foleni ya maji, bido ndiyo inasimama. Unaweka bido yako alfajiri, imefungwa kitambaa chako au imezibwa kwa gunzi lako la mahindi, unakwenda shamba, unakwenda sokoni, na ukirudi iko mahali pake au imesogea mbele. Hakuna anayegusa bido ya mwenzake. Bido ni mtu. Nyumba yenye bido kumi ni watu kumi kwenye mstari.

Mama Neema alizihesabu bido za mstari ule kwa kidole. Halafu akasema, "Maji haikuisha. Iko mu manyumba. Tuipeleke kwa bamama benye kuzaa, na bido ibakie kule mpaka mvua. Bido ikibakia kule, watu watajaza nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesoma semina siku tatu, na hakuna mtu aliyenifundisha kwamba tangi hufungwa kwa kuondoa bido.

Alianza na zetu. Nilitoa bido saba kutoka chini ya kitanda, tukabaki na mbili, na kitanda kikarudi chini na magoti yangu yakapona. Bido ya kwanza aliibeba kichwani yeye mwenyewe, akapita nayo katikati ya soko polepole, akimwambia kila mwanamke anayeuliza kwamba bamama wanaozaa hawana maji, na kwamba nyumba ya fontenye imetoa saba, imebakiza mbili. Alitaja hesabu kila mara. Nilimfuata nyuma na bido mbili mikononi, na watu walinicheka, na nilistahili.

Kufika saa tisa, bamama wa parokia walikuwa wanapanda na vitenge vyao vya chama. Waimbaji wa Waprotestanti wakasikia, nao hawakutaka kuachwa, wakaja wakiimba. Bamama Waislamu wa upande wa ufukweni wakaja kwa mstari mmoja bila kelele, na walipomaliza kuweka bido zao chini tukaona ni wengi kuliko wote. Hapo mashindano yakawa ya wazi. Mwenye mtumbwi alituma wafanyakazi na ndoo, wakautoa mtumbwi wote, na kuku wakabaki wanashangaa. Mama Nyasa alisimama kwenye baraza la maternite, bido za njano zimezunguka jengo mpaka hakuna pa kuweka mguu, akaniuliza kama nimeamua kuhamisha ziwa. Alicheka, na machozi yalikuwa yanamtoka. Na mimi pia, mkiuliza.

Kesho yake mstari wa robine ulikuwa mfupi kuliko nilivyowahi kuuona kazini. Kila nyumba ilikuwa na bido mbili, basi ikateka mbili, ikapika, ikaoga kwa kikombe, ikalalamika. Chemchemi haikuwa imekata hata siku moja. Ilikuwa inaleta maji yake kidogokidogo kama kawaida, na sasa yalipata nafasi ya kukaa. Siku ya kwanza mwanzi ulitoka umelowa chini ya la tatu kwa vidole vinne. Siku ya pili, vidole viwili. Siku ya nne niliuteremsha, nikautoa, na fundo la tatu likatoka linang'aa. Nilibusu mwanzi. Hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi.

Neema alijifungua siku ya sita, mvulana, na walimwogesha kwa maji ya robine. Mvua ilichelewa majuma matatu mengine, lakini fundo la tatu halikukauka tena, wala hakuna aliyekwenda ziwani na bido. Mvua iliponyesha, ikawa kazi nyingine ya siku mbili, bamama kuzitambua bido zao kwa vitambaa na magunzi. Waligombania moja tu, na ilikuwa imepasuka.

Mihogo ya Mzee Asukulu ilipopata mvua nilipanda Fizi-Centre kumsalimia. Nilimweleza yote, na ubao, na kitanda. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alimenya muhogo mpaka mwisho, akauweka chini.

"Miye pia nilisemaka mara moja," akasema. "Mu kanisa, mbele ya batu bote. Siku ile ile tangi ilikauka. Batu walikunywa ya ziwa. Tulizika."

Nikamuuliza, Mzee, sasa kwa nini hukuniambia? Ningelijua.

"Nilisikia haya, mutoto yangu. Nilikupatia amri, sababu nikaifunika."

Nilirudi kwa miguu ile njia yote ya kuteremka nikimwaza. Alikuwa mwalimu wangu, sikumkasirikia. Lakini niliapa kwamba sitaondoka kazini na amri iliyofunikwa. Ndiyo maana nimewaandikia habari za kitanda changu, jambo ambalo mtu wa umri wangu angeweza kulinyamazia.

Mwezi uliopita nilimkabidhi mwanzi Feza, fontenye mpya, aliyesomea mambo ya maji Bukavu. Yeye ana kifaa kinachopima tangi na kupeleka hesabu kwenye simu. Ni kizuri sana kikiwa na moto wa umeme. Mwanzi ameuweka nyuma ya mlango, na nimeona umelowa. Nilimpa na sababu zote, zangu na za Mzee. Nikamwambia ubao asiuondoe, watu wana haki ya kujua, ila fundo lisiandikwe peke yake. Sasa chini ya fundo anaandika bido ngapi zinaitosha kila nyumba, na tumepatana na bamama wa mitaa kwamba likifika la nne, bido za ziada zinapanda maternite kabla ya mtu kuogopa.

Juzi, nikiwa mtu wa kawaida asiye na ufunguo, nilipita sokoni nikasoma: Leo fundo la nne. Bido mbili kila nyumba. Nikaenda nyumbani. Sijui miguu ilinipelekaje, lakini nusu saa baadaye nilikuwa kwenye mstari, nimezipanga bido zetu na gunzi la Mama Neema. Feza alikuwa anapita anakagua robine. Alisimama, akanisalimia kwa heshima zote, akatazama chini.

"Papa Etabo," akasema, "hii ya tatu ni ya nani?"

Nikaibeba ile ya tatu, tupu, nikapanda nayo mpaka maternite.